Daftari la Madeni la Babu Mwarabu

Najua nimepotea kidogo. Majaribio yalinibana, na ukichanganya na bumu lililochelewa, basi... tuyaache hayo. Leo sina habari za foleni ya chakula wala za chumba cha watu sita. Leo nawaletea historia, ile ile ninayosomea, ambayo baadhi yenu mkikutana nami pale Nkrumah huniuliza, "Hivi wewe ukimaliza utaifanyia nini?" Someni hadi mwisho, halafu mniulize tena.

Kwa miezi mitatu sasa nanakili karatasi za ukoo wetu. Kwetu ni Bariadi, wengi mnajua, na wengi mnadhani mimi ni Mnyantuzu mtupu kwa jinsi ninavyosalimia "mwangaluka" asubuhi. Ninyi hamjakosea. Ila baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwa mhamiaji kutoka Oman. Nyumbani tunamwita Babu Mwarabu, na alipofariki aliacha vitu viwili vya kusomwa: karatasi moja ya nasaba, na daftari moja la madeni ya duka. Karatasi ya nasaba ilitunzwa kwenye fremu. Daftari lilitupwa kwenye sanduku na mchwa wakajipatia sehemu yao. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba tulitunza kilichotuambia kidogo, tukakaribia kupoteza kilichotuambia mengi.

Kwanza niwape picha ya wakati wenyewe. Waarabu wa Oman walianza kufika bara ya Tanganyika zamani sana. Tabora ilishakuwa mji wao wa biashara katikati ya karne ya 19, enzi za misafara ya pembe na ya watumwa. Babu Mwarabu hakuwa wa kundi hilo. Yeye ni wa wimbi la baadaye, wale ambao Waswahili wa pwani waliwaita Wamanga: vijana maskini waliokuja kwa jahazi wakati wa Mwingereza kutafuta riziki. Oman ya ndani miaka ile ilikuwa na ukame na umaskini, na ilikuwa imetoka kwenye vita baina ya Imamu na Sultani wa Muscat, vita vilivyotulia kwa mkataba wa Sib wa mwaka 1920. Kijana asiye na mitende ya kurithi alipanda jahazi.

Sasa kwa nini Bariadi? Jibu ni pamba na reli. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na njiani ikapita Malampaka, ambayo leo iko wilaya ya Maswa. Usukuma ukaanza kulima pamba kwa wingi, na mkulima akishapata shilingi anataka kaniki, chumvi, jembe, mafuta ya taa na kibiriti. Wahindi wakashika viwanda vya kuchambulia pamba na maduka makubwa. Wamanga wakaingia ndani zaidi, vijijini, kwenye duka la udongo lenye mlango mmoja. Babu Mwarabu alishuka Malampaka, akaenda kwa miguu upande wa Ntuzu. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake una tarehe ya Muharamu 1349. Mwaka huo wa Hijiria ulianza mwishoni mwa Mei 1930.

Hapa nitoe angalizo kwa wenzangu wa historia. Ukitaka kutafuta nyaraka za watu wa kwetu usiende kuulizia "Simiyu". Mkoa wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012 tu, ulipomegwa kutoka Shinyanga. Enzi za Mwingereza, Ntuzu ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa, na Maswa ilikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa lenye makao yake Mwanza. Kwa hiyo kule kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, unaomba mafaili ya Maswa. Na hapa chuoni kwetu, kwenye Maktaba, sehemu ya East Africana, kuna mkusanyiko wa Hans Cory, yule mtaalamu wa serikali aliyeandika juu ya sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Mkumbukeni huyo mzee, atatusaidia mbele.

Wenzetu wa Marekani wakitafuta mababu wahamiaji wana orodha za meli. Pale Ellis Island, New York, tangu 1892 hadi 1954, walipita watu kama milioni 12, na majina yao yakaandikwa. Jahazi la Mmanga halikuwa na mambo hayo, au kama lilikuwa nayo sisi hatuyaoni. Tumebaki na alichoandika mwenyewe.

Karatasi ya nasaba ni rahisi. Ni Kiarabu, mstari mmoja mrefu: fulani bin fulani bin fulani, vizazi tisa, hadi kijiji kimoja cha Sharqiya. Mimi madrasa ya Bariadi ilinifundisha kusoma herufi hata pale nisipoelewa maneno, kwa hiyo niliimaliza jioni moja. Vizazi tisa na hakuna mwanamke hata mmoja. Ukiisoma unaweza kudhani wanaume hao walizaana wenyewe kwa wenyewe, hahaha!

Daftari ndilo lililonitoa jasho. Ni Kiswahili, lakini kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msishangae, ndivyo Kiswahili kilivyoandikwa kwa karne nyingi kabla ya hizi a e i o u. Mjerumani C. G. Büttner alichapa kitabu kizima cha barua za Kiswahili za aina hiyo mwaka 1892, na chuo chetu hiki kina hazina ya miswada ya namna hiyo, ambayo J. W. T. Allen aliitolea katalogi mwaka 1970. Tabu ni kwamba herufi za Kiarabu hazikukatwa kwa kipimo cha Kiswahili. Hazina P, kwa hiyo mwandishi anaweka B. Hazina V, anaweka F. G, NG na NG' zote zinaangukia kwenye ghaini. E na I zinavaa alama moja, O na U vivyo hivyo, na mwandishi mwenye haraka haweki hata hizo alama. Juu ya hayo, waandishi wengi wa zamani hawakuandika M au N iliyotangulia konsonanti nyingine.

Mfano mdogo. Chukua neno "pamba". Toa P, weka B. Iondoe M iliyo mbele ya B. Unabaki na nini? "Baba"! Sasa fikiria daftari la duka la Usukuma, kila ukurasa: "ameleta baba ratili 40", "ameleta baba ratili 25", "deni limelipwa kwa baba". Sheikh mmoja wa huku Dar, mzee mwenye subira ya ajabu aliyekubali kukaa nami kila Jumamosi, alicheka hadi machozi. Duka gani hili watu wanalipa kaniki kwa baba zao kwa ratili!

Kwa hiyo tukaweka utaratibu, nami nawapa bure. Nilichora jedwali lenye safu tatu. Ya kwanza, herufi kama zilivyo, bila kurekebisha chochote. Ya pili, njia zote zinazowezekana kusoma neno hilo. Ya tatu, usomaji tuliouchagua na sababu yake. Safu ya kwanza haiguswi milele. Ukishaandika "pamba" pale palipoandikwa "baba" umeshamfungia njia atakayekuja baada yako, na huenda siku moja baba kweli alikuja dukani.

Tarehe nazo zina ujanja wake. Mwaka wa Hijiria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo miezi inatembea ndani ya misimu. Pamba ya kwetu haitembei, inauzwa kiangazi, kuanzia Juni hivi. Mwaka 1349 maneno ya pamba yanajaa Mfungo Nne, Tano na Sita, yaani Juni hadi Agosti 1930. Ukifika 1359, ambao ni 1940, pamba ile ile imehamia Mfungo Nane, Tisa na Rajabu. Basi ukurasa uliopoteza mwaka kwa sababu ya mchwa, unautazama pamba yake iko mwezi gani, unaupata mwaka wake kwa kukadiria. Nilipoona hilo limekubali kwenye kurasa nne mfululizo niliruka kitandani, mwenzangu wa kitanda cha chini akadhani kuna nyoka.

Na fedha pia zinasema. Ukikuta hesabu za zamani zote ziko kwa rupia, uko enzi ya Mjerumani au mwanzoni mwa Mwingereza. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. La Babu Mwarabu ni shilingi tupu, kwa hiyo zile hadithi za nyumbani kwamba "Babu alikuja na Mjerumani" tumezipumzisha kwa heshima.

Kuna jambo moja lilinisumbua: kwa nini mtu anayedai watu anaandika kwa herufi ambazo wadaiwa wake hawasomi, wala karani wa bomani hasomi? Jibu nilipata kwenye sheria za kikoloni. Mwingereza alikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mwenye duka aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuweza kwenda mahakamani kumdai. Kwa hiyo daftari hili halikuandikwa kwa ajili ya hakimu. Lilikuwa kumbukumbu yake mwenyewe, na ulinzi wake pekee ulikuwa kwamba yeye na majirani wanaaminiana, au angalau wanahitajiana. Ndiyo maana naliamini kuliko nasaba. Nasaba iliandikwa ili ionekane.

Msidhani nampamba. Daftari linamwonyesha mfanyabiashara kama wafanyabiashara wengine. Kaniki ya mkopo ina bei ya juu kuliko kaniki ya taslimu. Pamba iliposhuka bei, ule mdororo wa dunia wa miaka ya mwanzo ya 1930, mtu yule yule analeta ratili nyingi zaidi kwa kitambaa kile kile. Yameandikwa, nimeyanakili. Mjomba mmoja aliniambia niyaruke. Safu ya kwanza haiguswi, mjomba.

Sasa tuje kwenye neno lililonikosesha usingizi.

Kwenye kurasa za mwaka 1350, katikati ya madeni ya watu, kuna ukurasa mmoja wenye kichwa cha habari kinachosomeka B-K-W-Y. Chini yake kuna mistari 12, kila mstari una herufi ghaini na B, na mistari 10 imekatwa kwa wino. Ghaini na B tulishalijua, ni "ng'ombe" aliyenyang'anywa M yake. Lakini B-K-W-Y? Sheikh akajaribu: bakoi, bukui, pakwe... Akafungua kamusi ya Kiarabu, hakuna. Akasema, "Mwanangu, hili si Kiswahili wala Kiarabu. Hapa mimi nimefika mwisho wa reli."

Nikampigia simu bibi, Bariadi. Bibi yangu amezaliwa 1943, ni mtoto wa mwisho wa Babu Mwarabu. Kaka zake walifundishwa herufi, yeye hakufundishwa. Nikamwambia, "Bibi, nakusomea neno, wewe sikiliza tu." Nikaanza: bakawi, bikwi, bokwe...

"Rudia hilo la katikati."

"Bikwi."

"Bukwi, mayu! Bukwi! Hao ng'ombe wa mama."

Jamani. Bukwi kwa Kisukuma ni mahari, ile ya ng'ombe inayokwenda kwa baba wa binti. Babu Mwarabu, mwenye nasaba ya vizazi tisa, alifungua akaunti ya mkwe wake kwenye daftari la duka kama mteja mwingine, akaandika neno la Kisukuma kwa herufi za Qurani, akawa analipa ng'ombe mmoja mmoja. Anayejua herufi hakulijua neno. Anayelijua neno hakuzijua herufi. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika simu katikati yao, na nadhani hiyo ndiyo maana halisi ya kunakili.

Kwa nini bukwi ni jambo kubwa? Hapa ndipo Hans Cory anaingia. Kwa sheria za Wasukuma alizoziandika, ndoa iliyolipiwa ng'ombe huwapeleka watoto kwa baba. Ndoa isiyolipiwa, inayoitwa butende, huwaacha watoto kwenye ukoo wa mama. Kwa Kiislamu, nasaba ni ya baba, ndoa ikishafungwa imekwisha. Kwa hiyo watoto wa lile duka la udongo walikuwa chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja, na baba yao alilijua hilo. Hakusema "mimi Mwarabu, mambo yenu hayanihusu". Alilipa, kwa sababu aliishi katikati ya watu ambao kwao mtoto asiyelipiwa si wake. Sheikh Uarabuni asingemuuliza kuhusu ng'ombe. Wazee wa Ntuzu wangemuuliza.

Na wawili hawajakatwa. Nimeutazama ule ukurasa kwa taa, kwa jua, kwa kuukuza kwenye kompyuta. Kumi wamekatwa, wawili bado.

Nifikie kitu cha mwisho, ambacho kwangu ndicho kikubwa zaidi.

Mwandiko wa Babu Mwarabu unakoma ghafla baada ya Mfungo Saba 1356, yaani Juni 1937. Unarudi Mfungo Nne 1357, ambao ni Machi 1938. Katikati kuna kurasa sita zisizo na herufi hata moja. Kuna vijistari vya wima, kama ua wa miti, vingine vimepitiwa na mstari wa kulala. Kuna viduara. Kuna alama kama jembe dogo. Sheikh aliviona akasema ni watoto walichezea kalamu. Mjomba naye akasema hivyo hivyo. Mimi nilipiga hesabu ya pepo: upepo wa kusi, ambao huisha kama Septemba, hupeleka majahazi Arabuni. Kaskazi, inayoanza Desemba, huyarudisha. Mtu akiondoka Bariadi Julai akapanda jahazi la mwisho la kusi, akarudi na kaskazi, anafika dukani kwake Machi. Yaani Babu Mwarabu alikwenda kwao kusalimia. Na duka je, nani aliuza?

Nikampigia tena bibi, safari hii kwa picha. Mjukuu mwenzangu alimshikia simu. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni kazi ya mama. Alikuwa anachora hivyo kwa mkaa ukutani, jikoni. Mstari ni kitambaa. Duara ni chumvi. Ukikata mstari, mtu kalipa." Akaniambia na jambo jingine: kila familia ilikuwa na nafasi yake ukutani, aliye upande wa mlima anachorwa kushoto, aliye upande wa mto anachorwa kulia.

Nikarudi kwenye zile kurasa sita. Kushoto kuna makundi matano, kulia manne. Halafu nikafungua ukurasa wa Machi 1938, mwandiko wa mumewe uliporudi. Ana orodha ya wadaiwa tisa. Kitambaa kwa kitambaa, chumvi kwa chumvi, alichoandika yeye kwa maneno kinalingana na mistari ya mkewe, isipokuwa pale mchwa walipokula. Miezi minane duka limeendeshwa na mwanamke asiyejua alifu wala a, na hesabu zake mumewe alizikubali na kuziandika upya bila kubadilisha. Baada ya hapo, kuanzia mwaka huo, akaunti yake yeye mwenyewe inatokea: "Ng'wana" fulani, jina la baba yake, pamba ratili kadhaa, fedha zake. Jina lenyewe silitaji hapa, ni la nyumbani. Lakini nimelisoma mara 31.

Zile kurasa sita ndizo maandishi pekee ya mkono wake duniani. Nilijiuliza nitazinakilije. Nimeamua kuzichora kama zilivyo, mstari kwa mstari, kwenye safu ya kwanza. Safu ya pili maneno ya bibi. Safu ya tatu nimeacha tupu.

Sasa kisa kiko hapa. Mwaka 1970 Sultan Qaboos alipotawala Oman, aliwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, na wengi wa Afrika Mashariki wakaitika. Wawili kati ya watoto wa kiume wa Babu Mwarabu walikwenda. Watoto wao leo wako Muscat, wanazungumza Kiswahili kizuri tu, na wanaandaa kitabu cha ukoo. Ndio walioomba tunakili karatasi zetu. Rasimu yao wameshatutumia. Babu Mwarabu yumo, na baba zake tisa wamo, na watoto wake wa kiume wamo. Chini ya jina lake kuna maneno matatu, "alioa huko Afrika", basi. Bibi yangu hayumo. Mama yake hayumo. Mimi ninayewanakilia, kwa kuwa natokea upande wa wanawake mara mbili, ndiyo kabisa simo, hahaha... ila si ya kuchekesha sana.

Sikuwaandikia kulalamika. Nimewatumia daftari lote, kurasa zilizosalia, pamoja na jedwali. Nimewaambia kwamba nasaba inaeleza alikotoka mtu huyu, na haielezi hata siku moja aliyoishi baada ya kushuka Malampaka. Nani alimpa kiwanja, nani alimkopesha, nani alimwachia binti, nani alilinda duka akiwa safarini: yote yako kwenye madeni. Mhamiaji anajulikana kwa anaowadai na wanaomdai. Binamu mmoja amenijibu kwamba si desturi ya vitabu vya nasaba kuweka majina ya wanawake, ila zile kurasa za mistari zimemshika, na anataka kuzichapa. Bila jina? Nimemuuliza. Anasema watakaa kikao. Tunasubiri kikao.

Bibi yeye hangoji kikao cha Muscat. Kilichomkaa rohoni ni wale ng'ombe wawili. Miaka 90 na zaidi! Amewaita wanawe na wajomba, akasema dawa ya deni kulipa, na yeye hataki kufa akiwa mtoto wa ndoa yenye salio. Wakaenda kwa wazee wa ukoo wa mama yake, wakawasomea ukurasa kupitia simu yangu, nikiwa hapa hosteli. Kulikuwa na ukimya, halafu kicheko kirefu sana. Mzee mmoja akauliza, kwa Kisukuma, kama tunajua ng'ombe wawili wa wakati ule wangekuwa wamezaa wangapi hadi leo. Mwingine akasema kumi waliokatwa wanatosha kuonyesha kwamba mtu yule alioa, hakuiba. Mwishowe wamekubali ng'ombe mmoja jike na mbuzi wa kuchinja siku hiyo, na wamesema huyo wa pili abaki kwenye daftari. "Akikatwa huyo," mzee alisema, "mtaacha kuja kutusalimia."

Nimeandika hilo nalo kwenye jedwali, pembeni, na tarehe ya leo.

Haya, wale wenye mabibi na mababu waliohama, iwe kutoka Oman, Gujarat, Manyema, Ukerewe au kijiji cha pili tu, naomba likizo hii mfungue masanduku. Msianze na karatasi iliyo kwenye fremu. Tafuteni stakabadhi za kodi ya kichwa, kadi za kliniki, risiti za pamba, vyeti vya ubatizo, daftari la mchezo wa kupeana. Pigeni picha kila ukurasa kabla hamjasoma chochote, na kurasa "tupu" pia. Halafu msome kwa sauti mbele ya mtu mzima asiyejua kusoma. Mtashangaa.

Mimi kesho nina semina saa moja asubuhi na sijafua. Muwe na wiki njema wapendwa, na mnaokwenda Bariadi kwa basi la alfajiri, nisalimieni pamba!